Shoferi Anachagua Kisu

Katika miaka yote niliyouza vifaa vya ujenzi Gikondo, hapa Kigali, hakuna mtu aliyenifukuzia wateja kama Shoferi, na hakuna mteja niliyempenda kama yeye. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Shoferi, ingawa nilipomfahamu alikuwa amekwisha kuacha lori zamani. Sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza akiteremka na mizigo ya kutoka Tanzania kwenye vilima vya Rusumo, lakini ukimwambia apande pikipiki kutoka kwetu hadi mjini, alishika kifua na kusema atatembea.

Kilichomleta dukani kwangu ni kitu kimoja tu: kisu cha kukunja, cha kutembea nacho mfukoni. Misumari hakununua, rangi hakununua, na kitasa cha mlango wake kilipokufa alikifunga kwa waya, yakaisha. Lakini kwa kisu cha mfukoni aliweza kukaa kwangu tangu chai ya asubuhi mpaka saa sita mchana, kisha akaondoka akisema, "Hiki nacho bado, mama. Tutazame wakileta vingine." Nilivileta vingine. Navyo vilikuwa bado.

Alikuwa na namna yake ya kuchagua, na ngoja niieleze, maana baadaye mzigo huo uliniangukia mimi.

Kwanza kabisa hakukifungua kisu. Alikitia mfuko wa kulia wa suruali, akatoka, akavuka barabara hadi gereji iliyo mkabala, akagusa geti lao, akarudi. "Nikikumbuka kwamba ninacho kabla sijagusa geti," aliniambia, "basi ni kizito. Sikitaki." Vizito vilirudi kwenye boksi, vyepesi vikaenda safari ya pili. Asubuhi moja mama aliyekuja kununua bawaba alimwona mzee akitia kisu mfukoni na kutoka bila neno, akapiga yowe la mwizi. Wapita njia wawili walimdaka katikati ya barabara. Nilipofika mbio walikuwa wamemkunja kola, amesimama kwa ncha za vidole, na neno la kwanza aliloniambia ni kwamba kisu ni kizuri sana, hakukikumbuka hata kidogo mpaka waliposema mwizi.

Jaribio la pili lilitaka mkono wa kushoto uwe na kazi. Alichukua birika langu la chai, likiwa limejaa, akalinyanyua kwa mkono wa kushoto, halafu akajaribu kukifungua kisu kwa kidole gumba cha kulia. Kisu cha kufunguliwa kwa kucha na mikono miwili hakukigusa kabisa. Alitaka chenye kitufe ubavuni mwa bapa, ukisukuma kwa gumba linatoka. Chai yangu ilimwagika mara nyingi. Nilipomuuliza kwa nini asishike ndoo tupu, aliniambia kwamba dunia haitakupa ndoo tupu siku utakapohitaji kisu, nami nikafuta kaunta.

Kisha alikandamiza mgongo wa bapa kwenye mbao za kaunta kwa nguvu zake zote ili kuona kama komeo la ndani litaachia. Likiachia, kisu hicho kinaweza kukufungia vidole vyako mwenyewe, na Shoferi alikitazama kama mtu aliyemtukana mama yake.

Mwisho lilikuja chungwa, ambalo halikukosa mfukoni mwa koti lake. Alilimenya kwa mzunguko mmoja, ganda likishuka bila kukatika mpaka likafika chini kwenye kiatu. Ganda likikatika, kisu kimeanguka mtihani. Siku moja nilijaribu kukitetea kisu kizuri cha mpini wa mbao.

"Muzehe, labda ni chungwa lenyewe bovu."

Alinitazama kwa huruma. "Chungwa halina kosa, mama. Chungwa limekaa kwenye mti wake. Mwenye kazi hapa ni kisu."

Hapo ndipo aliponifukuzia wateja. Wakati huo zilikuwa zimeingia boksi za vile visu vyeusi wanavyovipenda vijana, vyenye meno nusu ya bapa, tundu la kidole, ncha ya kuvunjia kioo cha gari, na jina la kutisha limeandikwa ubavuni. Vilikuwa vinatoka vizuri. Kijana mmoja aliyevaa shati safi na kitambulisho cha ofisi shingoni akaja kuuliza kisu cha kutembea nacho kila siku, na mimi nikaweka vitatu mezani. Shoferi alikuwa kwenye kigoda chake pembeni.

"Unafanya kazi gani, kijana wangu?"

"Niko kwa kompyuta, muzehe."

"Na hiki cha nini?"

"Self-defense," kijana akasema, kisha akaona aibu kidogo. "Kujikinga. Huwezi kujua."

"Adui yako ni nani?"

Kijana akafikiri kwa uaminifu. Hakumpata.

"Basi nikwambie," Shoferi akasema. "Hiki kina meno, hutaweza kukinoa mwenyewe. Ni cheusi, ukikitoa mbele ya mama mkwe wako ndoa imekwisha. Na ni kizito, utakiacha nyumbani mwezi wa pili. Kisu cha mfukoni ni cha kamba, boksi, chungwa na mkanda."

"Mkanda gani?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaisikia habari ya mkanda.

Alikuwa akishuka Rusumo na shehena ya machungwa. Kwenye kona breki zikamgomea, akalisugulia lori kwenye ukingo wa mlima, likasimama kwa kulala ubavu. Hakuumia, lakini mkanda wa kiti ulimbana akawa ananing'inia, na mkono wa kushoto ulinaswa chini ya usukani. Mfukoni alikuwa na kisu kizuri, kile cha kufunguliwa kwa kucha. Alikitoa kwa mkono wa kulia. Akajaribu kwa meno, kikamponyoka. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kufika, na machungwa yalikuwa yametapakaa barabara nzima.

"Walinisalimia vizuri sana," alisema. "Waliniuliza habari za Tanzania. Huku wanaokota. Bibi mmoja akakaa kwenye jiwe hapa, mbele ya dirisha langu, akatoa kisu, akaanza kumenya. Nikamwomba, mama, nisaidie hicho kisu nikate mkanda. Akaniambia, ngoja nimalize hili. Akamaliza. Akachukua la pili."

Kijana alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi pia nilicheka. Shoferi mwenyewe alicheka, kisha akaacha kabla yetu.

"Nililia," akasema. "Kwa ajili ya kuomba, si kwa maumivu. Kisu kilikuwa changu, machungwa nimeyaleta mimi, na naomba kama mtoto. Siombi tena kisu kwa mtu. Mpaka nife."

Kijana alinunua bisibisi akaenda zake. Nilimkasirikia Shoferi kwa dakika kumi hivi, lakini tangu siku hiyo sikulalamika tena habari ya birika.

Sasa, msomaji atasema mtu wa namna hiyo alikitunza kisu chake kama jicho. Nilifikiri hivyo pia. Kumbe hakuna aliyepoteza visu Kigali nzima kama yeye, na sababu ni milango yetu. Benki wanakukagua, hospitali wanakukagua, hoteli, soko la ghorofa, hata sherehe ya harusi ya watu wenye uwezo kidogo. Unatoa kila kitu mfukoni, unapita kwenye kile kimlango, kinalia. Niliwahi kuongozana naye benki, nikaona mwenyewe.

"Muzehe, mbabarira," akaomba radhi mlinzi, msichana mpole aliyevaa glavu. "Hapa iko kisu."

"Iko. Ni ya machungwa."

"Na machungwa iko wapi?"

Shoferi akatoa chungwa kwenye koti akaliweka mezani, kama wakili aliyeleta shahidi. Watu wa nyuma yetu kwenye foleni walisogea kuona. Msichana akalitazama chungwa, akanitazama mimi, akalirudisha chungwa kwa heshima na kukibakiza kisu.

"Hii itaingia. Ile haiwezi kuingia. Namba yako hii, utaichukua ukitoka."

Shida ni kwamba Shoferi hakutokea mlango alioingilia. Dereva wa lori hageuzi gari pasipo sababu, alisema, akaona mlango wa upande wa pili, akatoka, akatembea zake akiwa na furaha. Mtu aliyechagua kisu kwa kipimo cha kutokikumbuka, hakukikumbuka. Wiki iliyofuata alirudi kwangu, tukaanza upya: gereji, birika, komeo, chungwa. Visu vyake vilienea mjini. Siku moja nilimkuta mlinzi wa hospitali akipasua parachichi kwa kisu ambacho nilikitambua mara moja, maana mimi ndiye niliyekiuza. Nikamuuliza amekipata wapi.

"Hii ni ya muzehe wa machungwa," akasema, akikifuta vizuri kwa kitambaa. "Tunamuwekea tu."

Nilipomweleza Shoferi, nilitegemea atafurahi, aende akakusanye mali yake. Akakataa. Alisema hawezi kwenda mlangoni kwa mtu kuomba kisu. Nikamwambia kisu ni chako! Akasema ndiyo, na cha Rusumo kilikuwa chake vilevile.

Nilimwambia kwamba ana kichwa kigumu kuliko tofali la moto. Alikubali na kuomba sukari zaidi kwenye chai.

Visu hivyo hivyo ndivyo vilivyomlaza kifudifudi mbele ya kiongozi. Tulikuwa tumemaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima tumefyeka na kuzibua mitaro, na kulikuwa na kibanda kipya cha mikutano cha kuzinduliwa. Mgeni rasmi akaja, utepe ukafungwa, na mkasi ukaletwa kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Mkasi ulitoka dukani kwangu, na hili nalisema kwa uchungu. Mgeni akakata, utepe ukajikunja ndani ya mkasi. Akakata tena, ukajikunja tena. Watu wakaanza kukohoa. Shoferi alikuwa mstari wa mbele, jembe begani kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa huru. Kisu chake cha wakati huo kilikuwa na springi kali. Kililia *tak!*

Sijui wale vijana wawili wenye suti walitokea wapi. Nilichoona ni Shoferi yuko chini, pua kwenye majani tuliyoyapanda asubuhi ile ile, jembe upande huu na kofia upande ule, akisema kwa sauti iliyozibwa, "Ni ya machungwa! Ni ya machungwa!"

Kisha mgeni rasmi, Mungu amweke, akauliza huyo mzee ni nani, akaelezwa, akacheka, akakata utepe kwa kisu chenyewe. Tulipiga makofi sana. Shoferi aliinuliwa na kupanguswa, akapewa soda mbili. Kisu kiliondoka na mmoja wa wale wenye suti, na Shoferi kwa kweli hakukidai. Kesho yake alikuwa kwangu na sharti jipya: kisu kisitoe sauti. Nikavirudisha kwenye boksi vyote vyenye springi.

Halafu hakuja wiki moja, wala ya pili. Ya tatu nikasikia kwa watu wa gereji kwamba amepata kiharusi, ametoka hospitali, mwanawe amemchukua akae naye Gahanga, kwenye zile nyumba mpya. Mkono wa kushoto umekufa. Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia, sioni haya kusema, na mteja aliyekuwa anataka bomba akaondoka.

Baada ya muda simu yangu ikalia. Sauti yake ilikuwa nzito upande mmoja, lakini ni yeye.

"Mama, leta visu."

"Muzehe, pole sana. Unaendeleaje?"

"Wananimenyea machungwa," akasema. "Wanayakata vipande, wanachomeka vijiti vya meno. Leta visu."

Jumapili baada ya kanisa nikapita sokoni nikachagua machungwa mazuri, nikatia visu kumi na kimoja kwenye mfuko, nikaenda Gahanga. Mkazamwana wake alinipokea mlangoni, mwanamke mstaarabu, anayezungumza taratibu. Alinishukuru kwa kuja. Kisha akaona mfuko, akashika mlango kwa mkono mmoja.

"Mama, mbabarira. Visu haviwezi kuingia."

Kutoka barazani, nyuma ya nyumba, sauti ikapaa. "Mwambie mlinzi huyo akupe namba!"

Mwanamke akataka kucheka, akajizuia, na macho yake yakajaa maji. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba ameshajikata mara mbili kwa kisu cha jikoni alichokichukua kwa siri. Anamwogopea. Anammenyea kwa sababu anampenda, na baba halali vizuri, hali vizuri, anatazama tu vile vijiti. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilichofanya ni kumsimulia habari ya yule bibi kwenye jiwe, kwa kifupi, pale pale mlangoni. Hakuwa ameisikia. Akauachia mlango, akasema, "Kimoja. Kiingie kimoja, na mimi nitakuwa pale pale."

Kwa hiyo nikabaki nje, na visu kumi na kimoja, na kazi ambayo miaka yote niliifanyia mzaha. Kama ningemletea kibaya, hakungekuwa na safari ya pili. Nikavitoa kwenye mfuko, nikavitia kimoja kimoja mfukoni mwa sketi yangu ya kanisani, nikatembea hadi geti la jirani, nikaligusa, nikarudi. Mlinzi wa jirani alinitazama nikigusa geti lake mara kumi na moja bila kubisha hodi. Vikabaki vinne. Nikanyanyua mfuko wa machungwa kwa mkono wa kushoto, nikavifungua kwa gumba. Vikabaki viwili. Kimoja kililia. Kilichobaki kilikuwa kile cha mpini wa mbao, ndugu ya kile nilichowahi kukitetea.

Shoferi alikuwa kwenye kiti cha mikono, amekonda, shati limefungwa vifungo vyote. Mkono wa kushoto ulilala mapajani. Hakunisalimia mpaka alipokitia kisu mfuko wa kulia na kukaa nacho kidogo.

"Siwezi kwenda gereji," akasema.

"Nimekwenda kwa niaba yako."

"Ulikikumbuka?"

"Sikukikumbuka."

Akaitikia kwa kichwa, akakitoa. Gumba liliteleza mara ya kwanza, na ya pili. Mkazamwana akasogea, nikamshika mkono. Mara ya tatu bapa likatoka, polepole, bila sauti. Akalikandamiza mgongo kwenye mkono wa kiti. Komeo likashika. Nikampa chungwa.

Aliliweka pajani, likabingirika chini ya meza. Nikaliokota. Akalibana kwa magoti, likachomoka. Nikaliokota tena. Jasho lilikuwa limemtoka usoni, na mimi mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kusema lete nikumenyee, nikakumbuka jiwe la Rusumo, nikaufunga. Alilitazama chungwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Kisu sikupi," akasema.

"Sijakiomba, muzehe."

"Basi wewe shika chungwa."

Nikavuta kiti, nikalishika kwa mikono miwili chini ya uso wake. Akaweka makali kwenye kikonyo, nami nikaanza kulizungusha.

"Polepole. Hii ni kona, mama. Punguza. Haya, kata kulia. Usiguse breki, wewe nenda tu."

Ganda likaanza kushuka. Likapita vidole vyangu, likafika magotini. Mkazamwana alikuwa amepiga magoti sakafuni analitazama likija. Lilipobaki mzunguko mmoja na nusu hivi, likakatika.

Nilimjua, nilijua sheria yake, na nilikwisha kufungua mfuko ili kisu kirudi ndani na wenzake. Shoferi alilitazama ganda pale chini. Alikitazama kisu. Akalegeza komeo kwa gumba, akakikunja juu ya paja lake, akakitia mfuko wa kulia.

"Chungwa lako hili bovu, mama," akasema.

Nikasema ndiyo, muzehe, bovu kabisa, nikalimega, nikala kipande changu.